Sumba Wanga: Je, Uongo Nao Una Haki ya Kusemwa?

Ndugu msomaji, wahenga walituachia methali mbili ambazo hazipatani. Moja inasema njia ya mwongo ni fupi. Nyingine inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya kwanza inatutuliza: mwache mwongo aseme, hatafika mbali. Ya pili inatutia woga: neno likishatamkwa na watu wakalibeba, litazaa tu, hata kama mwanzo wake ulikuwa hewa tupu.

Swali ninalotaka tulijadili leo limekaa katikati ya methali hizo mbili. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Vizuri. Je, uhuru huo unamfunika na yule anayesema uongo? Mtu akisema jambo ambalo si kweli, tena anajua si kweli, akamatwe? Au sheria imwache, watu wenyewe wamuumbue? Wengine watasema hilo ni swali la wanasheria wa Dar es Salaam. Mimi nasema ni swali la Ufipa kwanza, kwa sababu huku kwetu uongo umewahi kuwa na sheria yake, bei yake na vilio vyake.

Tuanze na jina la mji. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba Sumbawanga ni maneno mawili ya Kifipa, sumba na wanga, yaani "tupa uchawi". Mgeni alikuwa anaambiwa: kama umekuja na mambo yako hayo, yaache huko huko. Kwa hiyo jina lenyewe ni onyo dhidi ya uchawi. Lakini ukifika Dar, Mwanza au Arusha ukasema unatoka Sumbawanga, jamaa wanacheka, wanasogea pembeni kidogo, halafu wanakuuliza ulikuja na basi au na ungo. Radi ikipiga Mbagala utasikia eti imetumwa kutoka Sumbawanga. Kumbe mji wetu uko juu kwenye uwanda, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa, na masika yakifika mawingu ya huku yana radi za kutosha bila mtu yeyote kuzituma. Mji ulioitwa "tupa uchawi" umegeuzwa ghala la uchawi kwa maneno ya mdomo tu. Huo ni uongo, na unauma. Hata hivyo sitaki mtu afungwe kwa ajili yake. Sababu zangu ziko katika historia.

Kabla ya serikali za kigeni, sehemu nyingi za kusini-magharibi mwa nchi yetu zilipima tuhuma za uchawi kwa mwavi, yaani sumu iliyotengenezwa kwa magome ya mti. Mtuhumiwa alikunywa mbele ya watu. Akitapika, ni safi. Akifa, basi alikuwa mchawi. Ulikuwa mtihani wa kikatili na hakuna mwenye akili anayetamani urudi. Lakini ulikuwa na jambo moja tusilolipuuza: katika jamii nyingi zilizoutumia, mtu akitapika na kuonekana hana hatia, aliyemsingizia alidaiwa fidia. Maana yake, kumnyooshea mwenzako kidole kulikuwa na gharama. Mtu alifikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

Walipokuja Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza, mwavi ukapigwa marufuku. Waingereza wakatunga Sheria ya Uchawi mwaka 1922, na mwaka 1928 wakaitunga upya. Hiyo ya 1928 ndiyo iliyorithiwa na Tanganyika huru, na baadaye Tanzania, ikawa Sura ya 18 katika vitabu vyetu vya sheria. Hebu tuiangalie vizuri, maana wengi wanaitaja bila kuijua. Inamkamata mtu anayejidai ana nguvu za uchawi, anayemtishia mwenzake kwa uchawi, anayekutwa na vifaa vya uchawi, na pia anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Umeona? Sehemu kubwa ni makosa ya mdomo. Hakimu wa Kizungu hakuamini kwamba mtu anaweza kuruka na ungo. Kwa hiyo mbele yake wote wawili, anayesema "mimi ni mchawi" na anayesema "yule ni mchawi", walikuwa wanasema jambo lisilokuwepo. Ukiitazama hivyo, ni sheria ya kuadhibu uongo, nayo inakaribia kutimiza miaka mia.

Sasa jiweke mahali pa mkulima wa Ufipa wa wakati ule. Mtoto wako amekufa ghafla, hujui kwa nini. Zamani ungedai mwavi, serikali imeukataza. Ungemtaja unayemshuku, serikali imekataza kumtaja. Haishangazi kwamba watu wengi walifikia neno moja: kumbe serikali iko upande wa wachawi! Uvumi haukufa. Ulizibwa mdomo tu, ukawa unachemka kama chungu kilichofunikwa.

Ndipo wakaja vijana wa mchapi. Vuguvugu hilo lilianzia Nyasaland, Malawi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Likapita Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, likavuka mpaka na kuingia Ufipa. Wenzangu, hawa hawakuwa wazee wenye ngozi za chui mabegani. Walikuwa vijana wa rika letu, wamevaa nguo za Kizungu, wana chupa za dawa na vioo vidogo vya mviringo. Kijiji kinapangwa mstari. Kijana anawatazama watu kupitia kioo wanavyopita mmoja mmoja. Akisema "huyu", basi ni huyu. Anayetajwa anatakiwa kutoa pembe zake za uchawi na kunywa dawa, na anaambiwa kwamba akirudia mambo yake dawa ile itamuua. Habari ya kumlipa fidia aliyesingiziwa haikuwepo tena. Kesho yake vijana wameshaondoka na fedha zao, na aliyetajwa amebaki na majirani zake.

Mwaka 1935 Audrey Richards, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyefanya utafiti kwa Wabemba, jirani zetu wa upande wa pili wa mpaka, aliandika makala kuhusu vijana hao. Alizikagua pembe zilizotolewa na watu. Zilikuwa 135. Katika hizo, 11 tu ndizo alizoona bila wasiwasi kuwa zilikuwa za kudhuru. Zilizobaki, 124, zilikuwa na dawa za kawaida ambazo mtu yeyote wa wakati ule angekuwa nazo nyumbani kwake. Piga hesabu mwenyewe. Pembe tisa katika kila kumi zilizowatia watu aibu mbele ya kijiji kizima hazikuwa na ubaya uliosemwa.

Miaka thelathini baadaye, 1963 na 1964, mambo hayo yakarudi Ufipa kwa jina la Kamchape. Tanganyika ilikuwa huru tayari na bendera ilikuwa imebadilika, lakini sheria ilikuwa ileile ya 1928, na kazi ya Kamchape ilikuwa haramu. Roy Willis, msomi mwingine wa Kiingereza aliyekuwa Ufipa kwa utafiti katika miaka hiyo, alichapisha habari zake mwaka 1968. Alichokiona kinatugusa sisi vijana moja kwa moja. Wenye dawa walikuwa vijana, na wengi wa waliotajwa kuwa wachawi walikuwa wazee, watu wenye kauli kijijini. Nadhani hapo palikuwa na zaidi ya uchawi. Kijana aliyekuwa akingoja shamba, mahari na ruhusa ya kusema barazani alipata siku moja ya kumwamuru mzee wake atoe pembe mbele za watu.

Je, vijana wale walikuwa waongo? Wengine bila shaka walijua kwamba wanafanya biashara. Lakini siwezi kuamini kwamba wote walikuwa matapeli. Wapo walioamini kioo chao kabisa, na vijiji viliwapokea na kuwalipa. Kusema uongo ni kusema usichokiamini. Anayeamini anachosema, hata kiwe upuuzi, amekosea tu. Lakini kwa yule mzee aliyetajwa, tofauti hiyo ina faida gani? Maumivu yake ni yaleyale. Kwa hiyo sheria inayoutafuta uongo ndani ya moyo wa msemaji itahangaika muda mrefu, na wakati huo aliyesemwa ameshapoteza heshima, mifugo na pengine nyumba.

Tena kuna kituko kingine ndani ya sheria yenyewe. Sheria hiyohiyo ya 1928 ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kupokea taarifa kwamba fulani anashukiwa uchawi, kufanya uchunguzi wake, na kumwamuru mtu huyo akaishi mahali pengine. Jirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya mwaka 1925, walisema waziwazi: kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa, isipokuwa kama umemtuhumu mbele ya mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Elewa maana yake, ndugu yangu. Maneno ni yaleyale. Ukiyasema kilabuni ni jinai, ukiyasema ofisini ni taarifa. Uongo haukukatazwa, ila ulionyeshwa dirisha la kwenda kuusemea. Na aliyekaa nyuma ya dirisha hilo ndiye sasa aliyeshika kioo.

Najua mpaka hapa yupo msomaji aliyeanza kunikasirikia. Atasema: wewe unacheza na maneno, watu wanakufa! Ni kweli, na sitaki kulipita jambo hili haraka. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Hesabu hizo zimeelezwa na wasomi wetu, akiwemo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika sana kuhusu mauaji ya Usukumani, ambako vifo vilikuwa vingi zaidi. Mwaka 1988 serikali iliunda tume, maarufu kama Tume ya Mongella, kuchunguza balaa hilo. Na mara nyingi nyuma ya kifo kulikuwa na neno. Mtu alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa anayemmaliza ni bibi fulani, mwenye macho mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni wa miaka arobaini! Usiku bibi akakatwa mapanga.

Lakini angalia tena miaka hiyo. Sheria ya 1928 ilikuwepo muda wote. Kumtaja mtu kuwa mchawi kulikuwa kosa mwaka 1970, kulikuwa kosa 1975, na kulikuwa kosa 1984. Kwa hiyo hatukukosa sheria ya kuyakataza maneno. Tulimkosa mtu wa kumsikiliza bibi alipokuwa bado hai, aliposema kwamba mlangoni kwake kumewekwa alama, au kwamba watoto wa mume wake wanalitaka shamba. Tulimkosa askari wa kufika siku hiyohiyo. Tulimkosa shahidi wa kusimama na kusema: ndiyo, mpiga ramli alilipwa, nami nilisikia jina likitajwa. Sheria inayokataza maneno ni rahisi kuitunga. Kumlinda mtu mmoja mzee katika kijiji cha mbali ndiyo kazi.

Mpaka hapa nimezungumzia kidole cha kijijini. Kuna na kidole cha ofisini, nacho lazima tukitazame, maana kila anayetaka uongo wote uwe jinai anampa mtu fulani kazi ya kuamua uongo ni upi.

Wazo la kumwadhibu mtu kwa "habari za uongo" ni la zamani. Uingereza ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1275, na shabaha yake ilikuwa kuwalinda mfalme na wakubwa wake wasichongewe kwa raia. Wakoloni walipokuja walikuja na mzigo huo, wakauacha katika sheria zetu za Afrika Mashariki. Uganda ilikuwa na kifungu cha namna hiyo katika Kanuni ya Adhabu, cha kumfunga mtu anayechapisha habari ya uongo inayoweza kuwatia watu hofu. Mwaka 1997 wanahabari wawili wa gazeti la The Monitor, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, walishtakiwa kwa kifungu hicho baada ya gazeti lao kuandika kwamba Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu. Hakimu aliwaachia. Hawakuridhika na kuachiwa tu. Walitaka kifungu chenyewe kife. Mahakama ya Katiba ikawakatalia. Wakapanda juu zaidi, na tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakifuta.

Sababu zilizotolewa na Jaji Joseph Mulenga zinastahili kusomwa na kila mwenye kalamu. Kwa maneno yangu mwenyewe, alieleza kwamba haki ya kusema haikuwekwa kwa ajili ya maneno ya kweli peke yake au mawazo mazuri peke yake. Neno haliondoki chini ya ulinzi wa Katiba kwa sababu tu linadhaniwa kuwa si kweli, lina makosa au linaudhi. Kulilinda si kulisifu. Tena mtu atajuaje mapema, kabla ya kuchapisha, kwamba habari yake itawatia watu hofu? Mwandishi mwoga atanyamaza kabisa, na pamoja na uongo utapotea na ukweli mwingi. Miaka minne kabla yake, mwaka 2000, Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ilikuwa imekifuta kifungu kinachofanana na hicho, katika shauri la waandishi Mark Chavunduka na Ray Choto, waliokamatwa na kuteswa mwaka 1999 kwa kuandika habari za njama ya mapinduzi jeshini.

Sisi Tanzania tulikwenda njia gani? Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilikuwa na kosa la kuchapisha habari za uongo. Ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayesambaza habari za uongo au za kupotosha. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwaka 2018 Bunge likaongeza adhabu kwa anayetoa takwimu za kupinga takwimu za serikali, na mwaka uliofuata likarudi nyuma. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliamua kwamba vifungu vingi vya ile sheria ya 2016, pamoja na vya habari za uongo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Katika safari yote hiyo sioni mahali ambapo bibi wa kijijini aliyesingiziwa alikuwa wa kwanza kufikiriwa.

Tuliosoma fasihi shuleni tunaijua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjikitile wa kweli, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Aliwaambia watu kwamba maji yatawakinga na risasi. Hayakuwakinga, na walikufa wengi mno. Je, alisema uongo? Kwa kipimo cha risasi, maneno yake hayakuwa ya kweli. Lakini nani alikuwa na haki ya kumhukumu kwa uongo huo? Mjerumani, aliyesema kwamba nchi hii ni mali yake? Katika tamthilia hilo ndilo linalomzuia asiukane unabii wake: anajua kwamba adui atautumia ukanaji huo kuwaambia vizazi vijavyo kwamba hata kudai uhuru kulikuwa upuuzi. Wenye bunduki wakipewa kazi ya kupima uongo, hawataanza na uongo wao wenyewe.

Basi ndugu mwandishi, utaniuliza, mwongo aachwe tu? Hapana. Wamarekani walikutana na swali hili kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mjumbe mmoja wa bodi ya maji huko California, Xavier Alvarez, alijitangaza mwaka 2007 kwamba ana nishani ya juu kabisa ya kijeshi. Hakuwahi hata kuwa mwanajeshi. Akashtakiwa kwa sheria ya mwaka 2005 iliyokataza uongo wa nishani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaifuta sheria ile kwa majaji sita dhidi ya watatu: uongo mtupu, usiomwibia mtu kitu, usimfunge msemaji, aumbuliwe kwa ukweli. Mwaka 2013 Bunge lao likatunga sheria nyingine, likaongeza sharti moja: awe amesema uongo huo ili ajipatie fedha au faida nyingine.

Sharti hilo ndilo linalonirudisha Ufipa. Tazama tena kijana wa mchapi na kioo chake. Kama angesimama sokoni na kusema tu kwamba duniani kuna wachawi, ningemwacha aseme. Kama angesema kwamba dawa yake inafukuza mikosi, ningebishana naye mpaka jua lizame. Kosa lake linaanza pale anapochukua fedha na kumnyooshea kidole mtu mwenye jina, mwenye nyumba, ambaye hawezi kujitetea dhidi ya kioo. Hapo maneno yamekwisha kuwa mkono. Sheria imkamate kwa mkono huo: amepokea nini, amemtaja nani, na aliyetajwa amepoteza nini. Mambo hayo matatu yanaweza kuthibitishwa mahakamani kwa mashahidi, na hakuna haja ya hakimu kuingia moyoni mwa mtu kutafuta kama aliamini au hakuamini. Na yule aliyesingiziwa awe na njia ya kudai fidia bila kuuza ng'ombe wa mwisho. Wazee wa mwavi, pamoja na ukatili wao wote, hilo moja walilijua.

Kuna jambo moja linaloubana mstari wangu, na nisilifiche. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo nchini kwetu kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Rukwa nayo haikusalimika. Mwaka 2013 mashambulizi yalitokea hapa. Uongo huo haukutaja jina la mtu. Lakini ulihitaji jina? Mtu mwenye ualbino anaonekana toka mbali. Ukisema viungo vya watu hawa ni mali, umeshamnyooshea kidole kila mmoja wao, na umemwambia mwenye panga aende wapi. Kwangu mimi hiyo ni bei iliyotangazwa juu ya mwili wa mtu, na anayeitangaza anafanya biashara ya mauaji. Asijifiche chini ya Katiba.

Lakini hata hapo tuangalie serikali ilivyofanya. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtu wa huku huku kabla Katavi haijatengwa na Rukwa mwaka 2012, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi wote, wazuri na wabaya kwa pamoja. Januari 2015 ikabidi serikali itangaze tena kuwapiga marufuku wapiga ramli. Ukiona marufuku inarudiwa, jua ya kwanza haikufika ilikokusudiwa. Mama anayechemsha mizizi ya tumbo alinyamazishwa pamoja na yule anayeuza majina ya majirani.

Sasa nirudi kwetu, wenzangu wa kalamu, maana sisi nasi tunaishi kwa kutunga. Riwaya ni nini kama si mambo ambayo hayakutokea? Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971 kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda, na Rosa hakuwa mtu halisi. Sheria ikisema kila lisilo kweli ni kosa, sisi tutakuwa wa kwanza kupanda gari la polisi. Ndiyo maana nautetea uhuru huo hata kwa mpuuzi anayesema radi ya Mbagala imetumwa kutoka Sumbawanga. Siwezi kudai nafasi ya kutunga halafu nimnyime yeye nafasi ya kuropoka. Nitamjibu kwa kuandika mji wangu ulivyo: baridi ya Juni, matuta ya mahindi, wazee wanaocheka kuliko anavyodhani.

Lakini mstari ule unatuhusu na sisi. Mtu akikaa mezani na kutunga hadithi ya bibi mchawi, akampa jina la bibi wa mtaa wake, akataja mwembe wake na mguu wake wenye kovu ili wasomaji wa mtaani wamtambue, na gazeti likauzwa, huyo hajatunga. Amepiga ramli, na malipo amepokea. Uhuru tunaoutaka ni mpana sana, nao unaishia mlangoni kwa yule bibi. Kabla hujapeleka hadithi yako kwa mhariri, isome mara moja zaidi kwa macho yake.